Kadi ya gemu kwa bajeti ndogo: Mzazi, kagua haya kabla hujatoa fedha

Likizo ikikaribia, ombi moja linazidi kusikika kwenye nyumba zenye vijana: “Baba, kompyuta inaganda, ninunulie kadi ya grafiksi.” Kwa mzazi ambaye bado anahesabu ada ya muhula ujao, hiyo ni anasa. Kwa kijana, ni suala la kucheza na wenzake au kukaa pembeni akisikiliza hadithi zao.

Wazazi wengi hutoa fedha ili kelele ziishe, au hukataa bila kuuliza. Wanaotoa fedha bila kukagua hujikuta na kadi isiyoingia kwenye kompyuta, isiyopata umeme wa kutosha au isiyo ile iliyoandikwa kwenye boksi. Dakika chache za kukagua nyumbani zinaweza kuokoa fedha hiyo.

Kadi ya grafiksi ndiyo inayochora picha zinazoonekana kwenye skrini. Kompyuta nyingi za ofisini hazina kadi hiyo. Hutegemea sehemu ndogo iliyo ndani ya prosesa, inayotosha kuandika barua na kutazama video. Gemu huhitaji angalau picha 30 kwa sekunde, na 60 ndipo mchezo unapokwenda laini. Picha zikipungua, ndipo mtoto anaposema kompyuta inaganda.

Anza na gemu, si kadi

Mwambie mtoto aandike gemu tatu anazotaka kucheza. Kila gemu huwa na orodha ya mahitaji yake, na orodha hizo zinapatikana bure mtandaoni. Tofauti zake ni kubwa. Valorant kwa kiwango cha chini hukubali hata Intel HD 4000, yaani grafiksi iliyomo ndani ya prosesa za mwaka 2012. GTA V, iliyotoka kwenye kompyuta mwaka 2015, iliomba kadi yenye kumbukumbu ya GB 1 tu. Lakini mpira wa EA Sports FC 24 unaanzia kwenye GTX 1050 Ti au RX 570, na RAM ya GB 8.

Kama orodha ya mtoto ina gemu nyepesi tu, huenda kadi haihitajiki kabisa. Kompyuta yenye RAM ya GB 4 ikiongezwa kufika GB 8, kwa vipande viwili vinavyolingana, inaweza kubadilika sana, kwa sababu grafiksi ya ndani ya prosesa huazima kumbukumbu yake kutoka kwenye RAM. Diski ya SSD nayo hufanya gemu ifunguke haraka, lakini haiongezi idadi ya picha kwa sekunde. Muuzaji akikuambia SSD itatibu kuganda kwa picha, usimwamini moja kwa moja.

Fungua kasha kabla ya kwenda dukani

Kompyuta nyingi za bei nafuu zinazouzwa Kariakoo jijini Dar es Salaam au Barabara ya Luthuli jijini Nairobi ni za mtumba, zilizotoka kwenye ofisi za nje: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre na nyinginezo. Ni imara, lakini zilitengenezwa kwa kazi za karatasi, si kwa gemu. Mambo matatu yaangaliwe.

La kwanza ni umbo. Kasha refu la mnara huweza kupokea kadi ya kawaida. Kasha jembamba hupokea kadi fupi tu, zile zenye kimo cha nusu. Zile ndogo kabisa, zinazolingana na kitabu kinene, nyingi hazina nafasi ya kadi. Pima kwa rula urefu na kimo cha nafasi iliyopo, upige na picha ya ndani ya kasha uende nayo dukani.

La pili ni umeme. Nafasi inayoshikilia kadi hutoa wati 75 tu. Kadi inayohitaji zaidi lazima ipate waya wake kutoka kwenye pawa saplai, wenye plagi ya pini 6 au 8. Kompyuta nyingi za ofisini hazina waya huo, na baadhi zina pawa saplai zenye umbo na plagi za kipekee, hivyo kuzibadilisha si rahisi.

La tatu ni skrini. Kadi nyingi za sasa hazina tundu la VGA. Kama skrini yako ni ya zamani na ina VGA peke yake, weka kwenye bajeti kifaa cha kubadilisha kutoka HDMI kwenda VGA.

Kadi zinazofaa mfuko mdogo

Kwa kompyuta ya ofisini isiyo na waya wa ziada, GTX 1650 ya mwaka 2019, yenye GB 4, ni chaguo zuri. Inatumia wati 75 na ina matoleo mafupi ya kasha jembamba. Hakikisha unachukua isiyo na plagi ya pini 6, kwa sababu yapo matoleo yenye plagi.

GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 nayo haivuki wati 75 na kwa kawaida huwa na bei ya chini. Kasoro yake ni umri: mwaka 2025 Nvidia ilisitisha kutoa draiva mpya za gemu kwa kadi za kizazi hicho. Inafaa kwa gemu zilizopo, si kwa anayesubiri za mwakani.

RX 6400 ya mwaka 2022 inatumia wati 53 tu. Lakini ukiiweka kwenye kompyuta ya zamani inapoteza sehemu ya nguvu zake, kwa kuwa inawasiliana na kompyuta kupitia njia nne tu badala ya kumi na sita. Uliza kabla ya kulipa.

Kama kasha ni la mnara na pawa saplai ni nzuri ya wati 450 au 500 yenye waya wa kadi, mlango unafunguka zaidi. RX 570 na RX 580 za mwaka 2017, hasa zenye GB 8, zina nguvu kuliko GTX 1650, ila zinakula umeme: wati 150 kwa ya kwanza na 185 kwa ya pili. Mwenye uwezo wa kuongeza kidogo atazame GTX 1660 Super au RX 6600.

Za kuepuka kwa gemu za sasa ni GT 710 na ndugu zake. Huwa na maandishi makubwa ya “GB 2” au “GB 4” yanayomvutia mzazi, lakini wingi wa kumbukumbu hauifanyi kadi dhaifu kuwa na nguvu.

Mitego ya sokoni

Kuna kadi feki zinazozunguka sokoni. Kadi ya zamani kama GTS 450 hubadilishwa programu yake ya ndani ili ijitambulishe kwenye kompyuta kuwa GTX 1050 Ti. Ukiona “GTX 1050 Ti” yenye tundu la VGA, itilie shaka. Programu ya bure ya GPU-Z hutambua nyingi ya kadi hizi na kuonyesha onyo. Angalia pia RX 580 iliyoandikwa 2048SP. Hiyo kwa uwezo ni RX 570, isilipiwe bei ya RX 580.

Jambo jingine ni kadi zilizochimba sarafu za kidijitali. Septemba 15, 2022 mtandao wa Ethereum uliacha mfumo uliotegemea kadi za grafiksi, na wachimbaji wakauza kadi nyingi. Si lazima ziwe mbovu, lakini zimefanya kazi usiku na mchana, hivyo feni huwa zimechoka.

Dawa ya mitego yote ni moja: kadi ijaribiwe mbele yako kwa gemu, si kwa kuwashwa tu, kwa dakika 20 hadi 30. Sikiliza feni, tazama kama picha inaweka mistari au madoa, kisha dai risiti na muda wa dhamana ulioandikwa.

Usiunganishe hatari nyumbani

Kadi ikikosa waya, fundi anaweza kupendekeza kuunga kutoka kwenye waya wa diski ya SATA. Kataa. Plagi ya SATA imetengenezwa kubeba wati 54 kwenye waya wake wa volti 12, wakati plagi ya pini 6 inaweza kudai 75. Plagi inaweza kuyeyuka na kushika moto, tena saa ambayo watu wazima wamelala.

Kompyuta ichomekwe kwenye kifaa cha kuzuia mshtuko wa umeme, iwekwe mbali na pazia, na vumbi litolewe mara kwa mara.

Bili nayo ihesabiwe. Kompyuta inayotumia wati 200 kwa saa mbili kila siku humaliza uniti 12 kwa mwezi. Yenye wati 330 hufika karibu 20. Kwa familia ya Tanzania iliyo kwenye matumizi madogo yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, tofauti hiyo inaweza kuivusha mpaka wa bei nafuu.

Afya na makubaliano

Kadi nzuri huongeza hamu ya kucheza, hivyo masharti yatangulie manunuzi. Watoto wa miaka 6 hadi 12 wanahitaji kulala saa 9 hadi 12, na wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Kompyuta ikikaa sebuleni badala ya chumbani, usingizi hulindwa bila ugomvi wa kila usiku. Kupumzisha macho, kila baada ya dakika 20 atazame kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20.

Angalia pia umri kwenye alama za PEGI: Minecraft ni miaka 7, Fortnite 12, Valorant 16 na GTA V ni 18. Mzazi anayenunua kadi kwa ajili ya GTA ya mtoto wa darasa la sita ana swali kubwa kuliko la wati.

Shirika la Afya Duniani linautambua uraibu wa gemu kuwa ugonjwa, katika orodha iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni kushindwa kujizuia, gemu kutangulia mambo mengine yote, na kuendelea hata madhara yanapoonekana, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Mtoto anayependa gemu huku akisoma, akilala na kucheza na wenzake nje hajafika huko.

Mwisho, mpeleke mtoto dukani akiwa na orodha yake, vipimo vya kasha na kiasi cha fedha mlichokubaliana. Akijua kwamba kilichopo ni hicho na hakiongezwi, mwenyewe atajifunza kuchagua, na huenda ndiye atakayekuwa wa kwanza kuigundua kadi feki.