Filamu ya Krismasi ni Ipi? Somo la A-unganifu Kutoka Busia na Tororo

Utangulizi

Kila mwezi wa Desemba unapokaribia, wapenzi wa sinema katika nchi za Magharibi hufufua mjadala ule ule: je, Die Hard ni filamu ya Krismasi au siyo? Filamu hiyo ilitolewa nchini Marekani mwezi Julai mwaka 1988. Ndani yake, askari polisi wa New York aitwaye John McClane anawasili Los Angeles mkesha wa Krismasi ili apatane na mkewe. Anamkuta kwenye karamu ya wafanyakazi katika jengo la Nakatomi Plaza, na kabla hawajasikizana, majambazi wanaliteka jengo hilo. Yanayofuata ni risasi na milipuko. Bruce Willis, aliyeigiza kama McClane, alitamka hadharani mwaka 2018 kwamba hiyo si filamu ya Krismasi. Mashabiki wengi waliikataa kauli yake, na mjadala ukaendelea.

Msomaji anaweza kujiuliza porojo za watazamaji sinema zinaihusu vipi idara ya Kiswahili. Sisi nasi tungeuliza vivyo hivyo, lau suala hili lisingetufikia mezani kwa njia ya karatasi ya mwanafunzi. Makala hii inanuia kueleza vigezo vinavyotumiwa kuamua kama filamu ni ya Krismasi, na kwa nini sisi walimu wa lugha tunapaswa kuwa waangalifu tunaposahihisha fasili za wanafunzi wetu.

Kisa chenyewe

Tulikuwa tumewapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza zoezi la kufasili istilahi za sanaa na burudani. Miongoni mwazo ilikuwamo "filamu ya Krismasi". Wengi waliandika tulivyotarajia: filamu inayosimulia habari za Krismasi. Mwanafunzi mmoja aliyelelewa Tororo aliandika kwamba ni filamu ambayo watu wa mahali fulani huitazama pamoja kila Krismasi. Mfano alioutoa ni Commando ya mwaka 1985, ambamo Arnold Schwarzenegger ni mwanajeshi mstaafu anayemwokoa binti yake aliyetekwa nyara. Katika Commando hakuna Krismasi hata chembe. Tulitia alama ya kosa kwa wino mwekundu, tukaandika pembeni: "Haihusu Krismasi." Alama alizopoteza zilimshusha daraja.

Siku mbili baadaye alibisha hodi ofisini. Baada ya kutuamkia, aliuliza swali moja tu: "Mwalimu, na kuku wa Krismasi, yeye anahusu Krismasi?" Tulimwomba atuachie karatasi yake. Ukweli ni kwamba hatukuwa na jibu.

Krismasi ya mpakani

Ili kumtendea haki mwanafunzi huyo, yafaa tuyafahamu mazingira yake. Busia ni jina la miji miwili inayotazamana, mmoja Kenya na mwingine Uganda. Wilaya ya Busia ya Uganda ilimegwa kutoka Tororo mwaka 1997, na tangu mwaka 2018 kituo cha pamoja cha mpakani kinahudumia wasafiri wa pande zote mbili. Wasamia na Wateso wako huku na huko, na Wajopadhola wako Tororo. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni, kwenye magari na kwa wabadilishaji fedha. Hiki ni Kiswahili cha watu waliokiokota katika shughuli kabla ya kukutana nacho darasani, ingawa Uganda ilikifanya lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya katiba ya mwaka 2005.

Katika eneo hili Krismasi ni siku ya kurudi nyumbani. Waliokwenda kutafuta riziki Nairobi au Kampala hurejea na mizigo. Watoto huvishwa nguo mpya, chapati hupikwa, kuku huchinjwa, na wazee huketi wakiuzunguka mtungi wa malwa, kila mmoja na mrija wake. Kwa vijana, shughuli ya alasiri imekuwa ni kwenda kwenye kibanda cha video. Neno hili limetembea: Watanzania husema kibanda umiza, nao Waganda wamelichukua kwa wingi wao wenyewe, bibanda. Humo filamu za kigeni hazionyeshwi vivi hivi. Upande wa Uganda nyingi hufasiriwa kwa Kiganda, kazi iliyompa umaarufu VJ Jingo. Upande wa Kenya, DJ Afro amejizolea mashabiki kwa kuzisimulia kwa Kiswahili. Mfasiri huongeza mizaha yake, akawapa wahusika lakabu, na mtazamaji akacheka kana kwamba mkasa umetokea mtaa wa pili.

Basi mtoto wa Tororo aliyevaa shati jipya na kushika sarafu alizopewa na mjomba wake hakuwa na haja ya kuona theluji ndipo ajue kwamba anatazama filamu ya Krismasi. Sikukuu ilikuwa nje ya pazia, kwa wale walioketi kwenye mabenchi.

Vigezo vinne

Tukiuchunguza mjadala huu popote unapofanyika, tunaona kwamba watu hutumia vigezo vinne, mara nyingi bila kuvitenganisha.

Cha kwanza ni maudhui. Filamu ni ya Krismasi iwapo inahusu kuzaliwa kwa Yesu, au maadili yanayohusishwa na siku hiyo kama vile kusameheana, kutoa na kurejea nyumbani. The Nativity Story ya mwaka 2006, inayosimulia safari ya Mariamu na Yusufu, inakidhi kigezo hiki bila ubishi.

Cha pili ni wakati wa hadithi. Home Alone ya mwaka 1990 inasimulia juu ya mtoto aliyesahauliwa nyumbani familia yake iliposafiri kwa ajili ya Krismasi. Wanaoitetea Die Hard husimama hapa. Wanaoipinga huwajibu kwa jaribio la kuondoa: ondoa Krismasi, weka karamu ya kuagana na meneja, je, kisa hakisimami?

Cha tatu ni wakati wa kutolewa na nia ya watengenezaji. Tamthilia ya Afrika Kusini How to Ruin Christmas, iliyoanza mwaka 2020, na filamu ya Nigeria A Naija Christmas ya mwaka 2021, zote zilitolewa mwezi wa Desemba zikiwa na Krismasi hata katika majina yake. Kwa kigezo hiki Die Hard ya mwezi Julai inaanguka.

Cha nne ni desturi ya utazamaji, na hiki ndicho alichokishika mwanafunzi wetu. Wala si kigezo cha Tororo pekee. Nchini Ujerumani, Norwei na Cheki, familia huketi kila Krismasi kutazama filamu ya mwaka 1973 inayotokana na ngano ya Cinderella na njugu tatu za kichawi. Ndani yake mna theluji, farasi na karamu ya mfalme, lakini kisa chake si cha Krismasi. Hata It's a Wonderful Life ya mwaka 1946, ambayo Wamarekani huitaja mbele ya nyingine zote, ilisaidiwa na desturi. Hakimiliki yake haikuhuishwa mwaka 1974, vituo vya televisheni vikaona vinaweza kuionyesha bila gharama kubwa, vikairudia kila Desemba hadi ikawa sehemu ya sikukuu. Ni kweli kilele chake kinatokea mkesha wa Krismasi, ila kilele hicho kilikuwamo tangu 1946. Kilichoongezeka ni mazoea ya watazamaji.

A-unganifu inatuambia nini?

Hapa ndipo sarufi inapoingia. Katika "filamu ya Krismasi", kiungo kati ya nomino mbili ni a-unganifu, nayo haibebi uhusiano wa aina moja. Kitabu cha Juma ni umilikaji. Kitabu cha historia ni mada. Meza ya mbao ni malighafi. Chumba cha kulala ni matumizi. Chakula cha mchana ni wakati. Walimu wote tumeufundisha mfano wa "picha ya mama": je, ni picha inayomwonyesha mama, aliyoichora mama, au anayoimiliki mama? Tukiufundisha utata huo asubuhi, tunawezaje kuusahau jioni tunaposahihisha?

Hebu tutazame nomino nyingine zinavyoandamana na Krismasi. Wimbo wa Krismasi huelekea mada, kwa kuwa aghalabu maneno yake yanaitaja siku hiyo. Nguo za Krismasi, kuku wa Krismasi na mgeni wa Krismasi huelekea tukio: ni nguo zinazonunuliwa, kuku anayechinjwa na mgeni anayekuja kwa ajili ya siku hiyo. Deni la Krismasi ni matokeo, na walimu wanalifahamu vyema mwezi wa Januari. Filamu inaweza kukaa kundi la wimbo, kwa sababu nayo ni kazi yenye maudhui. Inaweza pia kukaa kundi la kuku, kwa sababu nayo huandaliwa watu wakaifurahia pamoja. Sisi tulikuwa tumeliona kundi la kwanza tu, tukamhukumu aliyeona la pili.

Je, kila kitu basi ni cha Krismasi?

La hasha. Kuku aliyechinjwa tarehe 25 Desemba ili mgonjwa apate mchuzi si kuku wa Krismasi, hata kama tarehe ni yenyewe. Vivyo hivyo, mtu aliyekaa peke yake siku hiyo akatazama filamu ya kivita kwenye simu yake hajaifanya kuwa ya Krismasi. Kigezo cha desturi kina masharti yake: utazamaji uwe wa kurudiwa mwaka hadi mwaka, uwe wa jamii, na jamii yenyewe iungoje filamu hiyo kama sehemu ya siku. Pakikosekana hayo, tunabaki na sadfa ya kalenda.

Kuna msaada pia kutoka kwa wataalamu wa maana. Ludwig Wittgenstein, katika kitabu kilichotolewa mwaka 1953, alionyesha kwamba vitu tunavyoviita michezo havina sifa moja inayovifunga vyote. Vinafanana kama watu wa ukoo mmoja wanavyofanana, huyu kwa pua, yule kwa mwendo. Kwa Kiswahili hoja hiyo ina nguvu zaidi, maana mchezo wetu ni wa bao, wa kandanda, wa kuigiza, na hata ule wa kina mama wa kuchangishana fedha na kupokezana. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia Eleanor Rosch alionyesha kwamba aina nyingi za vitu zina wanachama wa katikati na wa pembezoni. Njiwa ni ndege kwa urahisi kuliko mbuni, lakini mbuni hafukuzwi katika ukoo wa ndege. Kwa mtazamo huo, The Nativity Story iko karibu na kitovu kwa mtu wa Tororo na wa London vilevile. Die Hard iko pembezoni. Commando iko nje kabisa London, lakini katika kibanda alichokulia mwanafunzi wetu imo ndani.

Funzo kwa mwalimu

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, swali la fasili litaje muktadha: filamu ya Krismasi kwa nani, na wapi. Pili, mwanafunzi afunzwe kutaja kigezo anachokitumia kabla ya kutoa mfano, ili msahihishaji apime uthabiti wa hoja yake badala ya kupima kama mfano wenyewe anaufahamu. Tatu, mifano ya wanafunzi kutoka maeneo kama Busia na Tororo ichukuliwe kama data ya lugha. Kiswahili chao kimekua sokoni na kwenye vibanda, na matumizi ya huko ni matumizi ya Kiswahili.

Mwalimu anaweza kuanza kesho kwa zoezi jepesi. Awaombe wanafunzi waorodheshe nomino kumi zinazoweza kutangulia "-a Krismasi", au "-a Idi" kwa wale wa pwani, kisha waeleze uhusiano unaojengwa na a-unganifu katika kila moja. Mkono wa Idi utazua mjadala wa kipindi kizima.

Nayo ile karatasi? Tuliisoma upya. Fasili ya kijana yule ilikuwa na jinsi ya kitu, ilikuwa na sifa bainishi, na neno "kila" aliloliweka lilikuwa limekwisha kuiondoa sadfa ya kalenda. Tulimrejeshea alama zake, tukafuta maneno yetu ya pembeni na kuandika mengine: "Kigezo ni desturi. Sahihi." Alipoipokea alitushukuru, kisha akatualika Tororo wakati wa sikukuu. Alisema kuku atakuwapo.