Mazoezi Hutoka Katika Kuzoea: Namna Tatu za Kukuza Sale ya Spoti

Neno «zoezi» limezaliwa na kitenzi «kuzoea». Mwanafunzi wa isimu huliona hilo haraka, lakini mwenye sale ya spoti mara nyingi hulisahau: anafikiri anauza mashine, kumbe anauza mazoea. Ninataka kupima kwa neno hilo namna tatu za biashara zilizokwisha kujaribiwa kwingine. Jambo hili linanigusa: kaka yangu mkubwa ana sale ndogo uani, Katuba, na jamaa wanafikiria kumpa akiba ya nyumba nzima anunue mashine.

Namna ya kwanza ni malipo ya mwezi kwa bei ndogo. Planet Fitness, iliyoanza mwaka 1992 katika jimbo la New Hampshire, Marekani, ilijulikana kwa bei ya dola 10 kwa mwezi. Hesabu yake ni hii: waandikishwe watu wengi kuliko nafasi iliyopo, kwa sababu wengi hawatakuja. Wanauchumi DellaVigna na Malmendier walionyesha tabia hiyo mwaka 2006, walipochunguza sale nyingine za Marekani. Waliolipa zaidi ya dola 70 kwa mwezi walikuja mara 4 hivi tu. Kila mara iliwagharimu zaidi ya dola 17, na tiketi ya mara 10 ingewagharimu dola 10 kwa kila mara. Hapo kinachouzwa ni nia, wala si mazoea. Lakini namna hiyo inategemea benki inayokata pesa yenyewe kila mwezi. Kwetu franka hutoka mkononi au kwenye simu, kwa hiari ya mwenyewe. Asiyekuja halipi.

Namna ya pili ni kukodisha jina. Zumba ilitokana na kazi ya Beto Pérez, mwalimu wa dansi kutoka Cali, Kolombia. Kampuni yake haikukua kwa kujenga sale. Inafundisha walimu, inawapa leseni, nao wanalipa ada ya kila mwezi ili wapate miziki na hatua mpya. Mwalimu hutafuta chumba mwenyewe. Mtaji mkubwa ni neno moja linalolindwa na sheria. Kwa sale ya mtaa jina la namna hiyo ni ghali, lakini funzo lake ni rahisi: mwalimu mzuri huvuta watu kuliko chuma.

Namna ya tatu ni kikundi. Sale zinazotumia jina la CrossFit hulipa ada ya mwaka, na mwenye sale hupanga bei yake. Watu hufika saa moja, hufanya kazi ileile ya siku, tena kwa vyombo vichache. Anayekosa huulizwa na wenzake. Sisi tunaijua nguvu hiyo katika likelemba: mtu hatoroki zamu yake kwa sababu wenzake wanamngoja. Tazama pia neno «mwanachama»: ni mwana wa chama. Mteja akiondoka amebadilisha duka tu, lakini mwana akiondoka kuna watakaomtafuta.

Kwa hiyo shauri nililolitoa nyumbani ni hili. Akiba isiishie kwenye mashine. Sehemu ndogo ilipe mafunzo ya mwalimu, nyingine inunue vyuma na kamba, na iliyobaki ikae. Watu wagawanywe katika vikundi vya kumi kumi, kila kikundi na saa yake. Malipo yawe ya juma, yakusanywe na mmoja wao, kwa kuwa wengi huku hupata pesa siku kwa siku.

Na kipimo kisiwe wingi wa walioandikishwa mwezi wa kwanza. Wahesabiwe wanaokuja bado mwezi wa tatu, maana hao ndio waliozoea. Idadi yao ikikua, ndipo tuzungumze habari ya mashine.