Mshipa hauoteshwi na vidonge



Mwaka jana mtoto mmoja wa darasa letu hapa Fungurume alirudi masomoni akikokota mguu. Alikuwa na palu, wakamchoma sindano ya kwinini kwenye tako. Palu ikaisha, mguu ukabaki umelegea. Mama yake aliuza vitenge viwili anunue vitamini B ku farmasi, sababu aliambiwa zinaotesha mshipa wa fahamu.

Tuseme ukweli: mpaka leo hakuna dawa iliyohakikishwa kwamba inaotesha mshipa ulioumizwa na sindano. Mshipa unajiotea wenyewe, karibu milimita 1 kwa siku. Tulichukua rula: kutoka tako la mtoto mpaka mguu chini ni sentimita 50. Ndiyo siku 500! Mama asikate tamaa mwezi wa tatu, wala asimalize pesa ya chakula.

Vitamini B iko na kazi yake. Wanaokunywa izoniazidi ya kifua kikuu wanaweza kupewa B6 ili mishipa isiharibike. Lakini B6 nyingi, kwa muda mrefu, yenyewe inaharibu mishipa. Kwa mwenye ukoma, munganga anaweza kutoa prednisoloni: haioteshi mshipa, inapunguza uvimbe unaoubana, na inasaidia zaidi ikianza kabla ya miezi 6.

Basi tufanye nini na mguu uliolegea?

Kwanza, tumpeleke mtoto hospitali mapema, tuulize habari ya kine. Kuna mishipa isiyorudi bila kupasuliwa.

Pili, asubuhi na jioni tumkunje wayo kwenda juu, polepole, kisigino kisikazane.

Tatu, avae viatu. Mguu usiosikia haujui msumari wala moto.

Na kukinga ni bora. Palu isiyo kali inatibiwa kwa vidonge. Kwa palu kali, tangu 2011 OMS inapendekeza artesunati mahali pa kwinini. Kama ni lazima kumchoma mtoto kwenye nyama, ni mbele ya paja, si tako. Tumuulize munganga kwa heshima. Kuuliza si kumtukana.

Mtoto wetu sasa anainua vidole vya mguu kidogo. Mama yake hanunui tena vidonge. Kila jioni anakaa naye kwenye mkeka, anamnyoosha mguu, wanahesabu pamoja mpaka 20.