MTENGENEZA TOVUTI HUFANYA NINI MWAKA MZIMA?

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Katika toleo hili sitaandika kuhusu nidhamu wala madhara ya dawa za kulevya, kwani wenzangu wameyashughulikia hayo vilivyo. Mimi nitajibu swali ambalo wengi wamekuwa wakiniuliza tangu siku ile ya ushauri wa kazi: mtengeneza tovuti hufanya nini hasa, mwaka mzima, hadi alipwe mshahara?

Wengine husema ati ni kazi ya kubofyabofya tu. Wengine hudai ni kazi ya watoto waliokua na tarakilishi nyumbani, na kwamba sisi wa shule ya kutwa, tunaofika nyumbani jioni na kuanza kuchota maji, tuisahau. Wapo pia wasemao kuwa kazi hiyo na Kiswahili ni kama mbingu na ardhi. Sitawajibu kwa maoni matupu. Nitawaeleza mwaka mmoja wa mtengeneza tovuti wa kwanza kabisa duniani, Mwingereza aitwaye Tim Berners-Lee, tangu Novemba 1990 hadi Desemba 1991. Ukiuelewa mwaka huo, umeielewa kazi yenyewe.

INTANETI SI WAVUTI

Kwanza tutenganishe maneno mawili ambayo wengi wetu huyachanganya. Intaneti ni nyaya na mitambo inayounganisha tarakilishi za dunia. Hiyo ilianza zamani, huko Marekani mwaka wa 1969. Wavuti ni kurasa zenye viungo, yaani zile unazosoma, ukabofya neno moja ukajikuta kwenye ukurasa mwingine. Intaneti ni barabara, wavuti ni matatu zinazopita juu yake. Barabara ilikuwepo kwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya matatu ya kwanza kupita.

Na wakati huo barabara hiyo ilikuwa ya wataalamu tu. Kila aina ya tarakilishi ilikuwa na amri zake. Ukitaka habari iliyo kwenye mashine fulani, lazima ujifunze programu ya mashine hiyo. Ukihamia nyingine, unaanza upya. Ni kama kila duka sokoni linahitaji lugha yake ndipo uuziwe chumvi.

TATIZO LILILOMSUMBUA

Berners-Lee alizaliwa London mwaka wa 1955. Wazazi wake wote wawili walifanya kazi kwenye mojawapo ya tarakilishi za kwanza kuuzwa duniani, iitwayo Ferranti Mark 1. Alisomea fizikia Oxford, kisha akaajiriwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilicho mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, karibu na mji wa Geneva. Maelfu ya wanasayansi kutoka mataifa mengi hufika huko. Wengi walikuwa wakikaa miaka miwili hivi, kisha wanarudi kwao. Wakiondoka, wanaondoka na ujuzi wao. Anayekuja hajui mwenzake aliandika nini wala ameweka wapi.

Mnamo Machi 1989, Berners-Lee aliandika pendekezo la kuziunganisha habari hizo zote. Mkubwa wake, Mike Sendall, aliandika kwa mkono juu ya karatasi hiyo kuwa wazo lenyewe halijakaa wazi lakini linasisimua. Halikukubaliwa, halikukataliwa. Lilikaa tu. Ilifika Septemba 1990 ndipo akaruhusiwa kununua tarakilishi ya aina ya NeXT ya kufanyia majaribio. Hebu fikiri: mwaka mmoja na nusu wa kungoja mashine! Sisi tunaopanga foleni kwenye maabara, watatu kwa tarakilishi moja, tusijione tumeonewa peke yetu.

MIEZI YA KUANDIKA

Tarehe 12 Novemba 1990, yeye na mwenzake Mbelgiji, Robert Cailliau, walitoa pendekezo jipya lililoeleza kazi hiyo waziwazi. Berners-Lee akaanza kuandika programu. Kufikia mwisho wa Desemba alikuwa amekamilisha mambo ambayo hadi leo ndiyo msingi wa wavuti. Kuna matatu ya kuelewa, na mimi huyaelewa vyema nikifikiria barua tunazoandika katika insha.

La kwanza ni anwani. Kila ukurasa una anwani yake, nayo haifanani na nyingine yoyote, kama ilivyo kwenye bahasha.

La pili ni kanuni za kuitana, zinazojulikana kwa herufi HTTP. Programu unayosomea kurasa, yaani kivinjari, hupiga hodi kwa tarakilishi inayohifadhi kurasa, iitwayo seva. Seva hujibu "karibu" na kukabidhi ukurasa. Kama ukurasa haupo, hukurudishia nambari 404, kana kwamba umeambiwa "huyo hayupo hapa." Mazungumzo ni hayo tu.

La tatu ni lugha ya alama, HTML. Barua rasmi ina mahali pa anwani, pa kichwa, pa aya na pa sahihi. Basi HTML nayo ni alama za kuonyesha kuwa hiki ni kichwa, hii ni aya, na neno hili ni kiungo cha kukupeleka kwingine. Alama alizoanza nazo hazikufika hata ishirini. Mtu yeyote aliyeweza kujifunza mpangilio wa barua rasmi anaweza kujifunza hizo kwa wiki moja.

Aliandika pia kivinjari cha kwanza, ambacho kiliweza kusoma kurasa na kuziandika vilevile. Tarakilishi yake ile ya NeXT ikawa seva ya kwanza duniani. Alibandika juu yake karatasi yenye wino mwekundu akiwaonya watu wasiizime. Kwani mtu angeizima, wavuti yote ya dunia ingezimika!

KITABU CHA SIMU

Hapa ndipo nataka usome polepole, kwa maana wengi hudhani kazi ilikwisha. La hasha! Kuandika programu kulichukua miezi michache tu. Miezi mingine yote ya mwaka ilikuwa ya kuwashawishi watu.

Kivinjari chake kilifanya kazi kwenye tarakilishi za NeXT pekee, na wachache walikuwa nazo. Mwanafunzi wa hesabu kutoka Uingereza, Nicola Pellow, aliyekuwa CERN kwa mafunzo ya kazi, akaandika kivinjari kingine rahisi. Hakikuwa na madoido, kilionyesha maandishi matupu, lakini kilifanya kazi karibu kwenye mashine yoyote. Tazama basi: mtu aliyeufungua mlango huo kwa wengi alikuwa mwanafunzi, tena msichana. Wasichana wa Kidato cha Pili mnaosita kuchagua somo la tarakilishi, mmesikia?

Lakini mlango bila kitu ndani nani atauingia? Waliweka nini? Kitabu cha simu. Naam, orodha ya nambari za simu za wafanyakazi wa CERN. Mtu hakujali habari za viungo na anwani, ila alitaka nambari ya mwenzake upesi, na wavuti ikampa. Watu wakaizoea kwa sababu iliwasaidia katika jambo dogo la kila siku. Haba na haba hujaza kibaba.

Mnamo Agosti 1991, Berners-Lee aliutangazia umma kazi yake, na mtu yeyote akaalikwa kuijaribu. Tarehe 12 Desemba mwaka huohuo, seva ya kwanza nje ya Ulaya ilianza kazi katika kituo cha SLAC, jimbo la California, Marekani. Nayo iliwekwa kwa hitaji dogo: kutafuta makala za fizikia bila kusumbuka.

KONGAMANO LILILOMKATAA

Mwezi huohuo wa Desemba 1991, wataalamu wa maandishi yenye viungo walikutana San Antonio, Texas. Berners-Lee na Cailliau walikuwa wametuma makala. Ikakataliwa. Waliruhusiwa tu kuonyesha kazi yao mezani, kama vile sisi tunavyopewa meza kwenye kongamano la sayansi. Tena ukumbini hakukuwa na intaneti, ikabidi waunganishe mashine yao kwa laini ya simu.

Hawakununa wakarudi nyumbani. Walisimama mezani wakaonyesha. Miaka miwili baadaye, katika kongamano lilelile, karibu kila meza ilikuwa na kitu kinachohusu wavuti. Kwa hiyo makongamano si matembezi na chai ya bure, kama wengine wanavyodhani. Huko ndiko mtengeneza tovuti hupeleka kazi yake ikosolewe, na ndiko hukutana na watu watakaoiendeleza.

KWA NINI HATULIPI

Kuna uamuzi mmoja uliokuja baada ya mwaka huo, nao ndio unaotugusa sisi zaidi. Wavuti ilikuwa na mshindani aitwaye Gopher, kutoka Chuo Kikuu cha Minnesota, ambaye wakati huo alikuwa anapendwa zaidi. Mapema mwaka wa 1993 chuo hicho kilitangaza kwamba baadhi ya watumiaji watatozwa ada. Watu wakaanza kumkimbia. Tarehe 30 Aprili 1993, CERN ikatangaza kuwa programu za wavuti ni mali ya umma, bila malipo wala ruhusa.

Kama si hivyo, leo kila anayeandika ukurasa angelipa ada. Nani wetu angeimudu? Mnamo Januari 2008, nchi yetu ilipokumbwa na ghasia za baada ya uchaguzi, Wakenya wachache na wenzao walitengeneza kwa siku chache tovuti ya kukusanya taarifa za wananchi na kuzionyesha kwenye ramani. Hawakuomba kibali kwa yeyote. Waliiita Ushahidi. Programu yake nao wakaitoa bure, na mwaka wa 2010 ikatumika huko Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Sasa wale wanaosema Kiswahili hakina nafasi kwenye tarakilishi watuambie, "ushahidi" ni neno la lugha gani?

KUJITAZAMA

Sehemu ya mwisho ya kazi hii ni kujihoji. Mwaka wa 2009 Berners-Lee alikiri kuwa ile mikwaju miwili mwanzoni mwa anwani za tovuti haikuhitajika. Watu wameichapa mara ngapi bure! Mwaka wa 2019, wavuti ilipotimiza miaka thelathini, aliandika waziwazi kwamba inatumiwa pia kudanganya, kuiba na kueneza chuki, na kwamba ni wajibu wa wote kuirekebisha. Fundi mzuri hasifu kiti chake tu, hukaa juu yake aone kama kinayumba.

SISI JE?

Sasa nirudi kwa madai yale matatu. Je, ni kubofyabofya tu? Mwaka wa mtu huyu umeonyesha kuwa sehemu kubwa ni kusikiliza shida za watu na kuwashawishi. Je, ni kazi ya matajiri? Ukurasa wa HTML huandikwa kwa programu ile nyepesi ya kuandikia maandishi iliyo katika kila tarakilishi ya maabara yetu, bila intaneti na bila shilingi. Mimi sina tarakilishi nyumbani. Huandika alama zangu usiku kwenye daftari kwa kalamu, kisha huzichapa Alhamisi zamu yetu ya maabara ikifika. Polepole, lakini zinafanya kazi. Je, Kiswahili hakina mahali? Alama za HTML ni chache, na kinachoandikwa katikati yake kinaweza kuwa lugha yoyote. Tusipoweka Kiswahili chetu humo, nani atatuwekea?

Kwa hivyo nina pendekezo kwa Chama na kwa walimu wetu wapendwa. Tusingoje shule ipate intaneti ya kasi. Tuanze na kitabu chetu cha simu. Kila muhula tunapoteza muda mwingi mlangoni mwa maktaba tukiuliza vitabu vya fasihi viko na nani. Tuandike orodha hiyo katika kurasa zenye viungo, ikae kwenye tarakilishi moja ya maktaba, na msimamizi aibadilishe kila jioni. Hiyo ikizoeleka, tuweke kurasa za methali, kisha matoleo ya zamani ya jarida hili, ambayo sasa yanaliwa na mende kabatini. Wanaohitajika ni wanafunzi wanne na saa moja kwa wiki. Wa kwanza nimeshajiandikisha. Je, watatu wengine ni nani?

Naomba kutua hapo kalamu yangu. Wanaotaka kuniona wanipate Alhamisi maabarani, kiti cha karibu na dirisha.