Atomu Zinazopima Ardhi Bila Jembe

Mwaka 1999, katika Chuo Kikuu cha Vienna nchini Austria, watafiti walipasha moto kaboni ndani ya tanuri hadi molekuli zake zikatoka kama mvuke. Kila molekuli ilikuwa na atomu 60 zilizoungana mfano wa mpira. Zikapitishwa kwenye wavu wenye mianya myembamba mno, halafu ikahesabiwa zilikofikia. Zingekuwa punje tu, zingelundikana katikati na kupungua taratibu kuelekea pembeni. Lakini zilijipanga kwa mistari: hapa nyingi, kando yake chache, mbele kidogo nyingi tena.

Mistari hiyo ni alama ya mawimbi. Mitumbwi miwili ikipishana ziwani, mawimbi yake hukutana: kilele kikikuta kilele, maji huinuka; kilele kikikuta bonde, hutulia. Mfaransa Louis de Broglie alikwisha kueleza mwaka 1924 kwamba maada nayo ina mawimbi. La ajabu ni kwamba hapa kila molekuli hupita peke yake, na wimbi lake moja hupenya mianya kadhaa kwa pamoja, likakutana na nafsi yake.

Mbona basi hatuoni jiwe likifanya hivyo? Kadiri kitu kinavyokuwa kizito, ndivyo urefu wa wimbi lake unavyopungua. Isitoshe, wimbi hilo ni dhaifu: hewa ikiligusa, mistari hufutika. Ndiyo maana majaribio haya hufanyika mahali palipoondolewa hewa. Hata hivyo, mwaka 2019 watafiti wa Vienna waliipata mistari hiyo kwa molekuli zenye atomu zipatazo 2,000.

Udhaifu huo umegeuzwa kuwa kipimo. Katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, atomu za rubidi hupozwa sana kwa leza, kisha huachwa zianguke. Leza hulipasua wimbi la kila atomu njia mbili na kuliunganisha tena. Mvutano wa dunia ukibadilika hata kidogo, muungano nao hubadilika. Mawingu mawili ya atomu hupimwa kwa pamoja, moja juu ya jingine, ili mtikisiko wa magari unaoyapata yote sawa uondolewe hesabuni.

Mwaka 2022 watafiti hao walitangaza kwamba kifaa chao kimegundua handaki lililofukiwa mita moja chini ya ardhi, nje ya maabara. Penye uwazi, mvutano hupungua. Fundi atakayejua kilichomo chini kabla ya kuvunja barabara huenda asijali kama atomu ni punje au wimbi, ila kipimo chake kitafanya kazi kwa sababu ni vyote viwili.