Mshipa Gani Huo? Habari za Mguu wa Mwanadamu

Tarehe 14 Desemba 2010, katika mji wa Abu Dhabi, timu yetu ya TP Mazembe iliishinda Internacional ya Brazil mabao 2 kwa 0, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kuingia fainali ya Kombe la Dunia la vilabu. Wasomaji wengi wa Lubumbashi wanakumbuka alivyoshangilia mlinda mlango, Robert Kidiaba: aliketi chini, akanyosha miguu yote miwili mbele, akaanza kurukaruka kwa makalio juu ya majani. Siku nne baadaye Inter ya Milano iliwafunga vijana wetu mabao 3 kwa 0. Lakini kule kuruka kwa Kidiaba hakukusahauliwa. Timu hiyo, tukumbuke, ilianzishwa mwaka 1939 na Wamonaki wa Mtakatifu Benedikto kwa jina la FC Saint-Georges, nao wasingalidhani kwamba siku moja mwanafunzi wa mpira ataushangaza ulimwengu bila kutumia nyayo.

Kuruka huko ni mwanzo mzuri wa somo letu, maana watu wengi hudhani mguu huanzia pajani. Sivyo. Mguu huanzia makalioni na kiunoni, na hata mgongoni. Na mzazi asiyelijua jambo hili aweza kumpotezea mtoto wake mguu kwa sindano moja tu. Tutalifikia jambo hilo. Kwanza yafaa tusafishe neno moja.

Neno moja, vitu vitatu

Ukimsikiliza mama sokoni akisema, "Mushipa unaniuma", hujui bado kinachomwuma. Lugha yetu ya Kiswahili ni tajiri, lakini hapa imekuwa na ubahili: yaita mshipa kila kitu kirefu na chembamba kilichomo ndani ya nyama. Mshipa wa damu ni bomba. Damu hupita ndani yake. Mshipa wa fahamu hauna damu ya kupitisha. Ni kama waya wa simu, hupeleka amri ya ubongo hadi kwenye msuli na kurudisha habari za maumivu, joto na baridi. Kisha kuna ukano, ule uzi mgumu mweupe unaofunga msuli kwenye mfupa, ambao mpishi aliyetengeneza mguu wa ng'ombe anaufahamu vizuri, kwa kuwa hauivi upesi.

Bomba likikatika, mtu hutoka damu. Waya ukikatika, msuli hulala. Ukano ukikatika, msuli hukaza bure, kama kengele ya kanisa iliyokatika kamba. Mabaya haya matatu hayatibiwi kwa njia moja, na anayeyaita yote "mshipa" huyapeleka yote kwa mtu mmoja wa kukanda na mafuta.

Nyama za mguu

Msuli ulio mkubwa kuliko yote mwilini ni ule wa makalio. Ndio unaotuinua tunapotoka kuchuchumaa, ndio unaopanda ngazi. Bila huo Kidiaba asingeruka hata mara moja. Mbele ya paja ipo misuli minne iliyoungana kuwa ukano mmoja. Ukano huo hushika pia ya goti, kisha hujifunga juu ya muundi. Kazi yake ni kunyosha goti, yaani kupiga mpira. Nyuma ya paja ipo misuli mitatu inayokunja goti, na hiyo ndiyo inayochanika mara nyingi mchezaji akimbiapo kwa kasi na kushika paja ghafula.

Chini ya goti, mbele, pembeni mwa muundi, kuna msuli unaoinua wayo ili vidole visikwaruze ardhi tunapotembea. Msomaji aushike kwa mkono na kuinua wayo wake, atausikia ukikaza. Naomba asiusahau msuli huu. Nyuma liko shavu la mguu, lenye misuli miwili mikubwa, mmoja juu ya mwingine, nayo huishia katika ukano mnene kuliko kano zote za mwili, ule wa kisigino. Watazame wanaume wanaosukuma baiskeli zenye magunia ya makala kuingia mjini alfajiri. Mzigo wote wausukuma kwa mashavu yale ya miguu.

Damu ishukavyo na ipandavyo

Mshipa mkubwa utokao moyoni hushuka mbele ya uti wa mgongo, na karibu na usawa wa kitovu hugawanyika mara mbili, tawi moja kwa kila mguu. Tawi hilo hupita kinenani, ambapo ukibonyeza kwa vidole utasikia likipiga. Hushuka pajani, huzunguka nyuma ya goti, kisha hujigawa katika matawi ya muundi na wayo. Juu ya wayo, kati ya ukano wa kidole gumba na ule wa kidole cha pili, waweza kuusikia moyo wako ukipiga, mbali hivyo na kifua. Daktari hupapasa hapo kujua kama damu yafika. Mwenye ugonjwa wa kisukari na apapaswe hapo mara kwa mara.

Mshipa wa pajani ukikatwa na kisu au bati, mtu aweza kufa kwa dakika chache. Usitafute majani ya kupaka. Weka kitambaa juu ya jeraha, ukandamize kwa uzito wako wote, wala usiachilie kuchungulia, mpaka mfike hospitali.

Damu kushuka ni rahisi. Kupanda ndiyo kazi. William Harvey, mganga Mwingereza aliyesoma Padua, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1628 kwamba damu huzunguka na kurudi moyoni, na kwamba mishipa ya kurudishia ina vilango vidogo vinavyofunguka upande mmoja tu. Shavu la mguu likikaza, hukamua mishipa hiyo, na damu hupanda. Likilegea, vilango hufungwa isirudi chini. Ndiyo maana madaktari huliita shavu la mguu moyo wa pili. Mama anayesimama tangu asubuhi mpaka jioni katika soko la Kenya (nasema mtaa wetu wa Kenya, si nchi) bila kutembea, moyo wake wa pili umelala. Jioni miguu imevimba, na baada ya miaka mishipa imejitokeza kama nyoka chini ya ngozi. Sisi walimu wa ubao na chaki tumo katika kundi hilo. Dawa ya kwanza haina bei: kuinuka kwa vidole vya miguu na kushuka, mara ishirini kila saa, na usiku kuinua miguu juu ya mto.

Waya ulio mnene kama kidole

Sasa tufike penye hatari. Mishipa ya fahamu ya mguu hutoka katika uti wa mgongo, chini kiunoni. Mmoja hupita mbele, kwenda kwenye misuli ya paja inayonyosha goti. Mwingine hupita nyuma, nao ndio mnene kuliko mishipa yote ya fahamu mwilini. Kwa mtu mzima hukaribia unene wa kidole. Madaktari wetu huuita siatiki. Hutoka ndani ya nyonga, hupita chini ya msuli mkubwa wa makalio, hushuka nyuma ya paja, na karibu na goti hugawanyika. Tawi moja hwenda shavuni na chini ya wayo. Tawi la pili hujizungusha upande wa nje, chini kidogo ya goti, juu ya mfupa mwembamba, likiwa limefunikwa na ngozi tu. Ukikaa muda mrefu umekunja mguu mmoja juu ya mwingine, ni tawi hili unalolibana, na wayo wako hufa ganzi. Tawi hilo ndilo linaloamuru ule msuli wa kuinua wayo.

Basi, tazama makalio ya mtoto mwenye miaka miwili, tena aliyekonda kwa homa. Nyama ni kidogo. Siatiki iko karibu na ngozi. Mtoto anaungua kwa malaria. Mzazi, kwa upendo na kwa hofu, anampeleka kwenye duka la dawa la jirani, na mtu ambaye hakusomea kazi anachoma kwinini katikati ya kalio. Mtoto analia kilio kisicho cha kawaida, maumivu yakishuka hadi wayo. Homa inashuka, wazazi wanamshukuru Mungu. Kesho mtoto akisimama, wayo mmoja unaning'inia, vidole vyaburuta chini.

Jambo hili si la Kongo peke yake. Katika wilaya ya Kumi, mashariki ya Uganda, wameonekana watoto wengi ambao misuli ya makalio imekakamaa kama ngozi kavu; hawawezi kuchuchumaa magoti yakiwa pamoja. Waganga wameyahusisha na sindano nyingi za makalioni. Lakini sisi, wayo ukining'inia, mara nyingi tunamtafuta mchawi. Jirani fulani alimtazama vibaya. Bibi fulani alimpa mtoto karanga. Familia zavunjika, na mguu unaendelea kulala. Naandika kwa Wakristo, nami nasema waziwazi: kumshitaki bibi kwa kosa la sindano ni dhambi juu ya msiba.

Tena hatusemi kila mguu uliolegea ni wa sindano. Polio bado ipo. Polio ya asili ilitangazwa kuwa imekwisha Afrika mwezi wa Agosti 2020, lakini tangu mwaka 2017 virusi vilivyotokana na chanjo ya matone, vikienea mahali ambapo watoto wengi hawakuchanjwa, vimepoozesha watoto katika Haut-Lomami, Tanganyika na hata Haut-Katanga. Dawa yake ni kuwachanja watoto wote bila kuruka nyumba. Polio huua chembe za amri ndani ya uti wa mgongo. Huacha zile za maumivu. Kwa hiyo mtoto wa polio mguu wake hulegea, lakini ukimfinya wayo analia. Aliyechomwa siatiki huenda asisikie ukimgusa juu ya wayo, au asikie kama anaungua. Hata hivyo mzazi asijifanye mwamuzi. Mtoto yeyote ambaye mguu wake umelegea ghafula na apelekwe hospitali siku hiyohiyo, aeleze kama alipigwa sindano, lini na wapi.

Kuna mambo ambayo mzazi ana haki ya kuuliza kabla ya sindano, kwa heshima. La kwanza: Je, dawa hii haiwezi kumezwa? Malaria isiyo kali hutibiwa kwa vidonge. Kwa malaria kali, Shirika la Afya Duniani lashauri artesuneti kwanza, si kwinini. La pili: Utachoma wapi? Kwa mtoto mchanga mahali pazuri ni upande wa nje wa paja, katikati, penye msuli mnene usio na mshipa mkubwa. Ndipo wanapochoma chanjo. Kwa mtu mzima, ligawe kalio kwa msalaba katika sehemu nne. Sindano iende ile ya juu, upande wa nje, wala si pengine. Muuguzi aliyesoma hatakasirika akiulizwa.

Na ikiwa mabaya yamekwisha kutokea? Mshipa wa fahamu uliojeruhiwa, usipokuwa umekufa kabisa, huota tena kutoka juu kwenda chini, kama milimita 1 kwa siku. Chukua rula ya shule ya mwanao, yenye sentimita 30. Hizo ni siku 300, karibu mwaka mzima, kutoka kalioni mpaka chini ya goti la mtoto. Msuli nao hausubiri milele; ukikaa mwaka mmoja na nusu au zaidi bila amri, huanza kuharibika moja kwa moja.

Katika muda huo adui mkubwa ni ukano wa kisigino. Wayo ukining'inia miezi na miezi, ukano hufupika, na siku mshipa utakapoamka utakuta wayo umefungwa. Kwa hiyo hospitali humpa mtoto kibao au kiatu cha kuushikilia wayo wima, hasa usiku, na mwalimu wa mazoezi humfundisha mama kazi hii: mtoto alale chali, goti limenyoshwa, mkono mmoja washika kisigino, wa pili wasukuma wayo wote taratibu kuelekea muundi, mpaka ukano uvutike bila mtoto kulia, mama ahesabu mpaka ishirini, aachilie, arudie mara kumi. Asubuhi, mchana na jioni, kila siku, hata siku ambayo hakuna mabadiliko yoyote yanayoonekana. Dalili ya kwanza mara nyingi ni ndogo sana: mtoto anajaribu kuinua wayo, nao hauinuki, lakini kando ya muundi kidole cha mama chasikia msuli ukitetemeka.