Tumbo Inawaka Kila Siku? Kabla Uitishe Tembe za Alsa Tena, Soma Hii

Uko job tangu alfajiri na chenye kimeingia tumboni ni chai ya rangi pekee. Hapo juu ya kitovu, chini ya kifua, kitu kinaanza kuwaka. Unahisi kutapika, tumbo limejaa gesi, na ukionja chakula kidogo umeshiba. Unaingia kwa kemisti, unasema "niko na alsa", unafungiwa tembe kadhaa kwa karatasi. Moto unapoa. Wiki ijayo, ni hiyo hiyo tena.

Kama hiyo ndiyo life yako, hauko peke yako. Kuanzia Kondele mpaka Nyalenda, kutoka Kibuye mpaka Dunga, kila mbogi iko na msee wa "alsa". Ngori ni kwamba wengi wao hawajawahi kupimwa. Na tembe ya asidi, hata ikikutuliza, haikuambii ni nini kinaumiza tumbo lako.

Gastraitisi ni nini, na alsa ni nini?

Tumbo lako hutengeneza asidi kali ya kuvunja chakula na kuua vijidudu. Asidi hiyo ingeweza kukuchoma wewe mwenyewe, lakini ndani ya tumbo kuna utando unaotoa ute mzito wa kuikinga nyama. Utando huo ukikwaruzwa, ukavimba na kuwa mwekundu, hiyo ndiyo gastraitisi. Ukiachwa mpaka uchimbike, kidonda kiingie ndani, hapo sasa ni alsa.

Kwa hivyo si kila tumbo linalowaka lina kidonda. Wengine wana gastraitisi tu, wengine asidi inapanda kifuani, na wengine shida iko kwa nyongo au ini. Kwa nje, zote zinaweza kufanana.

Mshukiwa wa kwanza: bakteria

Zamani madaktari wengi waliamini alsa huletwa na mawazo na pilipili. Halafu mwaka wa 1982, kule Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall wakafaulu kuotesha bakteria waliyokuwa wakiiona kwa matumbo ya wagonjwa. Leo inaitwa Helicobacter pylori, ama H. pylori. Watu walidinda kuamini. Mwaka wa 1984 Marshall akachukua kikombe cha mchuzi uliojaa hiyo bakteria, akainywa yote. Siku chache baadaye alikuwa anatapika, na kamera ilipoingizwa tumboni ikaonyesha gastraitisi kamili. Mwaka wa 2005 hao wawili wakapewa Tuzo ya Nobel.

Hii bakteria huingia kwa mdomo: kupitia mate, matapishi, na kinyesi kinachofika kwa maji au chakula. Wengi huipata wakiwa watoto, hasa kwa nyumba zilizobanana na maji yasiyo safi. Sasa fikiria Manyatta na Nyalenda, mahali visima vifupi viko hatua chache tu kutoka kwa choo cha shimo. Si bure kipindupindu hurudi hizi pande kila mara. Maji yanayoleta kipindupindu yanaweza kubeba mengine pia.

Wengi wenye H. pylori hawasikii chochote. Lakini ikikaa miaka mingi inaweza kuleta alsa, na kwa wachache, kansa ya tumbo. Tangu 1994 shirika la utafiti wa kansa la WHO limeiweka kwa orodha ya vitu vinavyosababisha kansa kwa binadamu. Ndiyo maana kuituliza na tembe za asidi bila kuiua si mchezo.

Mshukiwa wa pili: dawa ya maumivu

Hapa ndipo wasee wa nduthi, wa mjengo na wavuvi wanaumia bila kujua. Mgongo unauma, unameza Brufen. Kichwa kinagonga, aspirini. Bega limekaza, diklofenaki. Kesho tena.

Hizi dawa hutuliza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani za mwili. Noma ni kwamba kemikali hizo hizo ndizo huambia tumbo litoe ute wa kujikinga. Ukizizuia kila siku, utando unabaki uchi mbele ya asidi. Na usidanganyike ati sindano ni afadhali. Diklofenaki ya sindano huzunguka na damu mpaka ifike palepale.

Kama unazimeza kila wakati na tumbo linawaka, mwambie daktari akubadilishie. Mara nyingi parasetamoli huwa pole zaidi kwa tumbo, bora usipitishe kipimo. Lakini kama mzazi wako amepewa aspirini ya moyo, asiache kabla ya kuongea na daktari wake.

Mshukiwa wa tatu: keroro

Pombe kali huchoma utando moja kwa moja. Chang'aa, mzinga, yote ni moja kwa tumbo, na tumbo tupu ndiyo mbaya zaidi. Sasa piga hesabu ya Furahiday ya kawaida: keroro bila dishi, halafu asubuhi Brufen mbili za kutoa kichwa. Hao ni washukiwa wawili kwa tumbo moja. Fegi nayo huchelewesha kidonda kupona.

Na pilipili, ndimu na stress?

Pilipili na ndimu kwa samaki wako wa Dunga hazileti H. pylori wala hazichimbi alsa. Zinaweza tu kuwasha utando ambao tayari umeumia. Kama zinakusumbua, punguza. Kama hazikusumbui, manga samaki wako kwa amani. Kukaa njaa na stress pia vinaweza kufanya maumivu yasikike zaidi, lakini usiache kupimwa kwa sababu mtu amekuambia "ni mawazo tu".

Maziwa nayo? Yanatuliza kwa muda, halafu yanalisukuma tumbo litoe asidi zaidi. Magadi ya kupikia hivyo hivyo: nafuu ya haraka, na chumvi nyingi isiyofaa mtu mwenye presha.

Pima kwanza

Ukienda hospitali au kliniki, uliza kipimo gani kinafanywa. Cha choo na cha pumzi huonyesha kama bakteria iko ndani sasa hivi. Cha damu hutafuta askari wa mwili waliopigana nayo, na hao hubaki muda mrefu hata baada ya bakteria kufa. Kwa hivyo ukishawahi kutibiwa, damu inaweza kukupea pozitivu na uko fiti, halafu unauziwa dozi nyingine bure.

Sema ukweli pia kuhusu dawa unazomeza. Kawaida omeprazoli huachwa wiki 2 kabla ya kipimo cha choo au pumzi, na antibiotiki wiki 4, la sivyo bakteria inajificha na majibu yanadanganya.

Dozi si ya kugawana

Ukipatikana na H. pylori, tiba ni mchanganyiko: dawa ya kupunguza asidi pamoja na antibiotiki mbili au zaidi, mara nyingi kwa siku 14. Mdomo unaweza kuwa na ladha ya chuma na tumbo kuvurugika kidogo. Vumilia. Kama kuna metronidazoli ndani, usiguse pombe. Ukiacha siku ya 5 kwa sababu umesikia poa, ama ukimgawia beshte nusu, bakteria inabaki na inajifunza kushinda dawa. Subiri angalau wiki 4 baada ya kumaliza, kisha rudi upime kama imeenda kweli.

Kama si bakteria, daktari anaweza kukupea omeprazoli kwa wiki kadhaa huku ukiacha kile kinachokuchoma. Hufanya kazi vizuri ikimezwa kama nusu saa kabla ya kula. Si tembe ya kumeza miaka nenda miaka rudi bila mtu kukuangalia.

Hii ni ya watu wa ufuoni

Ukikaa kando ya ziwa, kuna jina lingine lazima ulijue: kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kuingia kwa ngozi ukiwa ndani ya maji. Wavuvi, wachimba mchanga na vijana wa kuosha magari ufuoni wako kwa hatari zaidi; hao wa kuosha magari ni kati ya watu ambao watafiti wa KEMRI kule Kisian wamewafuatilia kwa miaka.

Kichocho cha huku hukaa kwa mishipa ya matumbo na kuumiza ini. Kinaweza kuleta maumivu ya tumbo na damu kwa choo. Kikikaa miaka mingi, mishipa ya koo la chakula huvimba na inaweza kupasuka, ukatapika damu. Msee anasema ni alsa, kumbe ni ini. Dawa yake, prazikwanteli, ni tofauti kabisa na ya alsa. Kwa hivyo mwambie daktari, "mimi huingia ziwani."

Usingoje kesho

Nenda hospitali mara moja ukiona hizi:

- Unatapika damu, au kitu cheusi kama machicha ya kahawa
- Choo ni cheusi kama lami, kinanata na kinanuka vibaya
- Maumivu makali ya ghafla, na tumbo limekuwa gumu kama ubao
- Kizunguzungu au kuzimia
- Maumivu ya kifua yanayoenda mkononi au kwenye taya

Unakonda bila sababu, au chakula kinakwama kooni? Usizoee. Omba rufaa ya hospitali kubwa kama Jaramogi, ile wengi bado wanaita Russia, uulizie kipimo cha kamera.

Na leo ukipita kwa kemisti, badala ya kuitisha "za alsa", uliza swali moja tu: naweza kupimwa H. pylori ya choo wapi?